Umaskini una sababu zake: Tuujue kabla ya kuupiga vita

Ukimuuliza mtu kwa nini fulani ni maskini, mara nyingi utapata moja ya majibu mawili. Mmoja atakuambia, "Ndivyo alivyoandikiwa." Mwingine atakuambia, "Mvivu yule, hataki kazi." Majibu haya yanamfaa sana anayeyatoa, kwa kuwa yanampa ruhusa ya kwenda zake bila kufanya lolote.

Hebu tuyapime. Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba huamka alfajiri, hupalilia, hupulizia salfa mikorosho yake, kisha huinama kuokota korosho moja moja. Je, huyo ni mvivu? Na kama kuwa maskini ndiyo fungu lake, mbona korosho ile ile ikifika mkononi mwa mwingine inamtajirisha? Hili ndilo somo letu la wiki hii.

Tunapimaje umaskini?

Mwaka 1990 Benki ya Dunia ilianza kutumia kipimo cha dola moja kwa siku. Kipimo hicho kimepandishwa mara kadhaa, na Juni 2025 kikawekwa dola tatu. Dola hizi si zile za duka la kubadilishia fedha. Linaloulizwa ni hili: vitu ambavyo mtu angenunua kwa dola tatu kule Marekani, hapa kwetu vingemgharimu shilingi ngapi? Anayeishi chini ya hapo ndiye huitwa maskini wa kutupwa. Kwa kipimo hicho, Benki ilikadiria mwaka 2025 kuwa watu wapatao milioni 800 duniani wamo katika hali hiyo, na wengi wao wako Afrika, kusini mwa Sahara.

Lakini umaskini ni jambo moja, na pengo kati ya aliye nacho na asiye nacho ni jambo jingine. Tuchukue mfano mwepesi. Kijiji kina watu kumi. Tisa kati yao wanapata shilingi 1,000 kwa siku, na wa kumi anapata shilingi 91,000. Jumla ni shilingi 100,000. Afisa akija na kalamu yake ataandika kuwa wastani wa pato la kijiji ni shilingi 10,000 kwa mtu. Hesabu ni sahihi kabisa, na watu tisa watalala njaa. Kwa hiyo, msomaji, ukisikia pato la taifa limekua, usishangilie wala usibeze. Uliza kwanza: limekua kwa nani?

Somo la korosho

Sasa turudi Mtwara na Lindi. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, ikiwa miongoni mwa wakulima wakubwa duniani. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Nini kilitokea? Watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho yao ikabaki mbali na makazi mapya. Ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia. Na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo mno kumpa moyo wa kuhangaika. Katika sababu zote hizo, uvivu haumo.

Wakati huo huo serikali ilikuwa ikijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, kwa mikopo ya nje ikiwemo ya Benki ya Dunia. Wazo lilikuwa zuri. Lakini viwanda vilikuja wakati korosho zinapungua. Vingi vikafungwa, na vingine vikageuzwa maghala. Deni, kama tujuavyo, halifungwi pamoja na kiwanda.

Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi sehemu kubwa ya korosho zetu imesafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Huko ndiko zinakobanguliwa, zinakopangwa kwa daraja na kutiwa kwenye pakiti. Katika mji wa Kollam, jimbo la Kerala, maelfu ya wanawake wamelea watoto wao kwa ujira wa kubangua korosho, zikiwemo zilizotoka Afrika. Hatuwaonei gere, nao ni maskini wenzetu. Ila tuelewe kuwa tunapouza korosho ghafi, tunauza pamoja nayo ajira za vijana wetu.

Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007 ulikusudiwa kumwondoa mlanguzi anayenunua kwa bei ya kutupa kabla ya mavuno. Umewafaa wengi, na umelalamikiwa pia kwa makato na kuchelewa kwa malipo. Mwaka 2018 mnada ulipokwama, serikali iliingia yenyewe kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mambo yote haya yanaonyesha kuwa bei ya jasho la mkulima hupangwa mbali na shamba lake.

Mkono wa nje

Wala tusijilaumu peke yetu. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika Magharibi, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilikwenda kwenye Shirika la Biashara Duniani na hoja moja: ruzuku ambazo nchi tajiri huwapa wakulima wao wa pamba zinashusha bei ya pamba duniani. Mkutano wa Cancún mwaka huo ulivunjika bila mapatano. Tunaambiwa tushindane sokoni, lakini mwenzetu anakuja mnadani akiwa amekwisha kulipwa na hazina ya nchi yake.

Tena kuna fedha zinazotoroshwa. Mwaka 2015 jopo lililoongozwa na Thabo Mbeki lilieleza kuwa Afrika hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa njia za siri, nyingi zikiwa ni hila za makampuni makubwa kuficha faida na kukwepa kodi. Ndoo iliyotoboka haijai hata ukiiweka chini ya bomba mchana kutwa.

Njia zipo

Je, umaskini unapunguzika? Ndiyo, na ushahidi upo. China ilianza mageuzi mwaka 1978 kwa kumruhusu mkulima alime kipande chake na kuuza ziada. Katika miaka 40 watu wapatao milioni 800 walitoka katika umaskini wa kutupwa, ingawa pengo kati ya mijini na vijijini lilipanuka. Brazil nayo mwaka 2003 ilianzisha Bolsa Família. Familia maskini hupewa fedha kila mwezi, aghalabu mkononi mwa mama, kwa sharti kwamba watoto waende shule na kliniki. Kwa miaka kadhaa baada ya hapo pengo la kipato lilipungua kule.

Hapa kwetu, ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, mwaka ule ule tuliposamehewa sehemu kubwa ya deni la nje. Wanafunzi waliongezeka kutoka zaidi ya milioni 4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Madarasa yalifurika, ni kweli, na walimu hawakutosha. Lakini mtoto wa maskini alipata mlango.

Na sisi wenyewe? Zaka ipo, asilimia mbili na nusu ya mali iliyotimiza kiwango na mwaka, na fakiri na maskini wanatangulia katika mafungu manane. Lakini tunaitoaje? Wengi tunaigawa sarafu sarafu mlangoni, na mwakani mtu yule yule anarudi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu huku Pwani tunayafuata, wameandika kuwa mwenye ufundi apewe cha kununulia zana za kazi yake. Cherehani moja kwa mjane anayejua kushona ina faida kuliko noti mia kwa watu mia. Misikiti mitatu ikikusanya pamoja, jambo hili linawezekana mwaka huu huu.

Hata hivyo, zaka haiwezi kufidia mizani iliyochezewa. Kwa hiyo tufanye yote mawili. Tumpe mjane cherehani, na tumuulize mbunge wetu: kiwanda cha korosho kinafunguliwa lini, na nani anapanga bei? Atakayetujibu kuwa maskini ni wavivu, tumwalike msimu ujao aje aokote korosho kuanzia alfajiri hadi adhuhuri. Kisha tuendelee na mazungumzo.