SOMO LA 14: BIMA YA AFYA

Tuseme kijiji kina kaya 100. Kila mwaka kaya 5 hupata mgonjwa wa kulazwa hospitali. Matibabu ya kila mgonjwa ni shilingi 200,000. Mkulima akiuguliwa kabla ya mavuno, fedha hizo atazipata wapi? Atauza mbuzi. Pengine atauza hata shamba.

Lakini kila kaya ikichanga shilingi 10,000, zitapatikana shilingi 1,000,000. Wagonjwa wote 5 watatibiwa. Hakuna atakayeuza shamba. Hiyo ndiyo bima.

Wazima wakisema, "Tutachanga tukiugua," je, itakuwaje? Watabaki wagonjwa 5 tu. Kila mmoja atalipa shilingi 200,000 zile zile. Kwa hiyo bima huhitaji watu wengi, nayo hulipwa kabla ya ugonjwa.

Katika Tanzania, wananchi walianza kuchangia matibabu katika hospitali za serikali mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio wilayani Igunga. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianza kazi kwa watumishi wa serikali. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Yapo pia makampuni ya bima ya watu binafsi. Kampuni hukusanya michango na kulipa hospitali. Lakini kampuni hutafuta faida, na mgonjwa hupunguza faida. Huko Marekani, mtu mwenye kisukari aliyetaka kujinunulia bima aliweza kukataliwa na kampuni. Sheria ya mwaka 2010 ilikataza jambo hilo, na katazo lilianza kwa watu wazima wote mwaka 2014. Basi kampuni yaweza kusaidia, lakini lazima sheria imlinde mgonjwa.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Kabla ya kulipa, uliza:
1. Bima hii inalipia matibabu gani?
2. Nitatibiwa wapi?
3. Watu wangapi wa kaya yangu watatibiwa?

Kisha dai stakabadhi uitunze. Akiba haiozi.

MASWALI
1. Kwa nini bima hulipwa kabla ya kuugua?
2. Kwa nini kampuni yaweza kumkataa mgonjwa?
3. Katika kijiji chenu, watu hupataje fedha za matibabu? Jadilianeni.