Somo la Uwindaji Halali: Risasi Ipi, na Ilengwe Wapi?



Nyati aliyejeruhiwa hukimbilia kichaka kizito na kutulia humo. Mara nyingi atakayemkuta si mwindaji aliyempiga, bali mama aendaye kutafuta kuni au kijana achungaye ng'ombe. Kwa hiyo somo hili lawahusu wenye leseni na wasio nayo. Ieleweke pia kwamba kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009.

Aina za risasi

Ziko aina mbili kuu. Risasi ya ncha laini ikigonga mwili hutanuka mfano wa uyoga na kupasua jeraha pana. Lakini ikiwa dhaifu, huvunjika juu ya mfupa kabla ya kufika mapafuni. Risasi ngumu, iliyovikwa madini yote, haitanuki. Hupenya mfupa na kwenda ndani sana. Wawindaji wengi wa nyati huanza na risasi laini iliyo imara, kisha hufuatisha ngumu. Hiyo ngumu yaweza kupita mwili mzima na kumjeruhi mnyama wa pili. Ndiyo maana nyati hapigwi akiwa na wenzake nyuma yake.

Bunduki ya .375 Holland & Holland, iliyotolewa mwaka 1912, hurusha risasi ya gramu 19 hivi, na katika sehemu nyingi za Afrika huhesabiwa kuwa kiwango cha chini kwa nyati. Hata hivyo, ukubwa wa bunduki hausahihishi shabaha mbaya. Walter Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 yenye risasi ngumu. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Uwindaji wa namna ile umepita na hatuutamani, lakini fundisho lake limebaki.

Mahali pa kulenga

Moyo wa nyati uko chini kifuani, kati ya miguu ya mbele. Akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi moja ya kimo cha kiwiliwili. Hapo risasi hupata sehemu ya juu ya moyo pamoja na mapafu. Ikienda juu kidogo, bado itapata mapafu. Ikienda nyuma, itaingia tumboni, na nyati wa namna hiyo huweza kuishi muda mrefu akiwa na maumivu na hasira. Paji la uso limekingwa na shina nene la pembe. Akikupa mgongo, au akifunikwa na majani, usifyatue, mwache aende.

Baada ya kufyatua

Damu nyekundu yenye povu hutoka mapafuni. Damu nyeusi iliyochanganyika na majani yaliyotafunwa ni dalili ya tumbo. Mnyama asipopatikana, mwindaji atoe taarifa mara moja kwa Afisa Wanyamapori na kwa Mtendaji wa Kijiji, ili wananchi waonywe na njia za kuni na maji zifungwe kwa muda. Mkazi akiona damu au nyayo zenye damu, asizifuate. Arudi alikotoka na kutoa habari.

Wapo wanaonyamaza kwa kuona aibu ya shabaha mbaya. Kunyamaza huko ni kuweka rehani roho ya jirani. Serikali hutoa kifuta machozi kwa familia iliyofiwa, lakini kifuta machozi hakimrudishi aliyekwenda.