Vumbi Linalocheza Katika Mwanga

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Somo langu lilianza na swali la mdogo wangu. Nililijibu nusu nusu, halafu nikalipia kwenye mtihani.

Hapa Lowarengak, paa letu la mabati lina tundu la msumari. Asubuhi jua likishapanda juu ya ziwa, mwale mwembamba hupenya hapo hadi sakafuni. Ndani yake utaona vumbi likipanda, likishuka, likizunguka. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, hivi vidudu viko hai?" Nikamcheka. "Vidudu gani? Ni vumbi, linapeperushwa na upepo."

Basi, muhula uliofuata tukaulizwa kwa nini chembe za moshi hutikisika ndani ya kisanduku cha kioo kilichofungwa. Nikaandika: upepo. Sufuri! Upepo gani huo na kisanduku kimefungwa? Nilikasirika, lakini nikaanza kusoma. Haya ndiyo niliyopata.

1. Kwa nini vumbi linaonekana?

Mwanga ukipita kando yako huuoni. Sharti uingie jichoni. Chembe ya vumbi huutawanya kila upande, na sehemu kidogo hukufikia. John Tyndall, mzaliwa wa Ireland, alionyesha katika karne ya 19 kwamba hewa isiyo na vumbi haionyeshi njia ya mwale. Ni giza tupu.

Mwaka 1871 Lord Rayleigh alieleza kwamba chembe ndogo kuliko wimbi la mwanga hutawanya buluu zaidi kuliko nyekundu. Urefu wa wimbi ukiongezeka mara 2, mtawanyiko hupungua mara 16. Ndiyo maana moshi mwembamba wa kuni, ukiutazama mbele ya kitu cheusi, una ubuluu fulani. Vumbi letu ni kubwa zaidi, hivyo hutawanya rangi zote.

2. Kwa nini linacheza?

Hapa niliyachanganya mambo mawili. Vumbi la kwenye mwale hubebwa na mikondo ya hewa. Lakini chembe za moshi chini ya hadubini hutikisika hata hewa ikitulia, kwa sababu molekuli za hewa huzigonga kutoka kila upande bila usawa. Fikiria mtumbwi mtupu uliozungukwa na watoto wanaoogelea, kila mmoja akiusukuma apendavyo. Utayumba huku na huku.

Mwaka 1827 Robert Brown aliona chembe zilizotoka kwenye chavua zikitikisika majini. Ili kujua kama ni uhai unaozitikisa, alijaribu unga wa mawe. Nao ukacheza! Kumbe swali la mdogo wangu halikuwa la kuchekwa. Mwaka 1905 Albert Einstein alitoa hesabu ya mwendo huo.

3. Je, chembe moja yaweza kushikwa?

Naam, kwa mwanga wenyewe. Mwanga husukuma, ila kidogo mno. Ndiyo maana juani tunahisi joto tu. Mwaka 1971, katika maabara ya Bell huko Marekani, Arthur Ashkin na Joseph Dziedzic walielekeza leza ya robo wati juu, ikainua kijitufe cha kioo chenye upana wa mikromita 20. Kikaelea hewani! Mwaka 2018 Ashkin alipata Tuzo ya Nobel akiwa na miaka 96.

Hata hivyo, hewa humgonga aliyeshikwa pia. Dawa ni kuiondoa, yaani kuiweka chembe katika ombwe. Hapo mwanga unaishika chembe, na ule unaotawanyika unatuambia iko wapi. Ni kama kengele ya mbuzi kichakani: humwoni, lakini mlio unakueleza ameelekea wapi, nawe unamrudisha.

Mwaka 2020 watafiti wa Vienna, Austria, walitumia mwanga uliotawanyika kupunguza mwendo wa chembe ya kioo ya nanomita 143, hadi kiwango cha chini kabisa ambacho fizikia ya kwanta inaruhusu. Chembe kama hizo zipatazo 7,000 zikipangwa mstari mmoja zinafika milimita 1 tu. Chembe iliyotulia hivyo inaweza kupima nguvu ndogo mno.

Nilimrudia mdogo wangu nikamweleza yote, na nikamwomba radhi kwa kumcheka. Akafikiri kidogo, akauliza, "Na hizo molekuli, nani anazisukuma?" Sikucheka safari hii. Nimeandika swali lake daftarini nimpelekee mwalimu wa fizikia.

Zoezi

1. Zima taa usiku, washa tochi, kisha kung'uta gunia kuukuu mbele yake. Eleza unachokiona. (Usimulike macho ya mtu.)
2. Kwa nini "upepo" si jibu la swali la moshi? Mimi nimekwisha lipia, wewe usirudie.