Tochi ya Urujuanimno Siyo Hakimu wa Jiwe

Miongoni mwa zana wanazotumia wachimbaji wadogo na wanunuzi wa madini ni tochi ya mwanga wa urujuanimno. Jiwe humulikwa gizani. Likitoa nuru hupewa jina kubwa, lisipotoa hutupwa kifusini. Makala hii inaeleza kwa nini uamuzi wa namna hiyo huweza kumtia hasara muuzaji na mnunuzi vilevile.

Mionzi ya urujuanimno haionekani kwa macho. Inapolipiga jiwe, baadhi ya atomu zilizomo hufyonza nishati yake, kisha huitoa papo hapo ikiwa mwanga wa rangi tunayoiona. Hali hiyo huitwa floresensi, jina lililobuniwa na mwanasayansi George Gabriel Stokes mwaka 1852 kutokana na madini ya floraiti.

Mara nyingi chanzo cha nuru hiyo ni chembechembe ngeni zilizomo ndani ya jiwe. Rubi na spineli nyekundu, kama ile ya Mahenge wilayani Ulanga, hung'aa wekundu kwa sababu ya kromiamu. Chuma, kwa upande wake, huififisha nuru. Ndiyo maana rubi yenye chuma kingi huweza kubaki gizani ingawa ni rubi halisi.

Mfano mwingine ni talki, madini laini yanayosagwa kutengeneza poda. Baadhi ya vipande vyake hutoa mwanga hafifu, weupe au umanjano; vingine havitoi chochote. Kwa hiyo tochi haitoshi kuitambua. Ukucha husaidia zaidi: katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, talki ina 1. Hukwaruzwa kwa ukucha na huteleza vidoleni kama sabuni. Spineli ina 8 na rubi 9. Hata kisu hakizikwaruzi.

Hatari kubwa zaidi ni hii: rubi zilizotengenezwa kiwandani, ambazo zimekuwapo sokoni tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nazo hung'aa wekundu, mara nyingi kuzishinda za asili. Anayenunua kwa kuiamini tochi pekee huweza kupoteza mtaji. Anayetupa jiwe lisilong'aa huweza kutupa jasho lake.

Wananchi mnashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Tumieni tochi kama kipimo cha awali tu, sambamba na ugumu, uzito na umbo la jiwe.
2. Msiitazame tochi moja kwa moja wala kuwaachia watoto. Mionzi hiyo hudhuru macho.
3. Kabla ya kuuza au kutupa, pelekeni sampuli kwa wataalamu wa Ofisi ya Madini ya Mkoa au Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), Dodoma.

Si kila king'aacho ni mali, wala kisichong'aa si kifusi. Pimeni kwanza, ndipo mpatane bei.