Kufundisha Watoto Kuchora Mtaa Wao

Mwalimu wa shule ya mjini atagundua jambo moja mapema. Awaambiapo watoto wachore mahali wapapendapo, wengi huchora mlima, mto na mnazi, hata yule ambaye hajapata kuona mlima. Mtaa wao wenyewe, wenye mtaro wa maji machafu, kuta zilizobambuka na moshi wa karakana, hawauchori. Si kwamba hawaujui, bali wanauonea haya. Naye mtoto aaminiye kwamba kwao hapastahili kutazamwa, hachelewi kuamini kwamba yeye pia hastahili. Kwa hiyo somo la uchoraji lisidharauliwe kuwa ni la kupitisha wakati tu.

Mfano wa Lowry

Mchoraji L. S. Lowry alizaliwa mwaka 1887 karibu na Manchester, Uingereza. Mwaka 1909 wazazi wake walipungukiwa na fedha, wakahama mtaa wa wenye nafasi na kwenda kukaa Pendlebury, mahali pa viwanda vya pamba na migodi ya makaa ya mawe. Mwanzoni Lowry alipachukia. Baadaye alianza kupatazama, na kule kutazama ndiko kulikompa kazi ya maisha yake. Mchana alikusanya kodi za nyumba, hata alipostaafu mwaka 1952. Jioni alijifunza uchoraji, na usiku alichora.

Picha zake za awali zilijaa giza. Mhakiki mmoja wa gazeti alimweleza kasoro hiyo. Ndipo Lowry alipoanza kupaka rangi nyeupe kwanza, kisha akachora juu yake. Alitumia rangi tano tu: nyeusi, nyekundu, buluu, manjano ya udongo na nyeupe. Viwanda vilibaki vyeusi na moshi ulibaki moshi, lakini sasa watu walionekana: wafanyakazi watokao kiwandani, watoto, hata mbwa. Hakuuficha ubaya wa mji wala hakuupamba kwa maua. Aliweka weupe nyuma ya watu, wakaonekana.

Utaratibu wa somo

Madhumuni: Mtoto aweze kuchora mahali anapoishi kwa ukweli, na kuonyesha watu waliomo.

Vifaa: Vipande vya maboksi, unga wa chaki, uji mwepesi wa muhogo, mkaa, udongo mwekundu na wa manjano, na vijiti vilivyotafunwa ncha badala ya brashi.

Hatua:

1. Siku ya kwanza, watoto wapake maboksi unga wa chaki uliokorogwa katika uji, wayaache yakauke.

2. Siku ya pili, wapeleke nje. Wasichore bado. Kila mmoja ataje mambo matatu aliyoyaona, na moja kati yake liwe mtu afanyaye kazi.

3. Darasani, wachore majengo kwa mkaa, kisha watu kwa rangi za udongo.

4. Picha zote zitundikwe ukutani. Kila mtoto aeleze ni nani yumo katika picha yake.

Tahadhari

Usimwambie mtoto aondoe jaa au mtaro ili picha ipendeze. Ukifanya hivyo utakuwa umemthibitishia haya yake. Badala yake muulize, "Nani anapita hapo?" Mara nyingi atamkumbuka mama auzaye maandazi, au kaka yake asukumaye mkokoteni, naye atamwongeza. Wala usimlazimishe kuchora furaha asiyokuwa nayo. Lowry mwenyewe alikuwa mpweke, na upweke huo umo katika picha zake.

Bandari ya Salford, jirani ya Manchester, ilifungwa mwaka 1982. Mwaka 2000, mahali hapohapo palifunguliwa jengo la sanaa lenye jina la Lowry, na picha zake nyingi zimo humo. Mji ule haukuona haya kujitazama. Nawe, mwalimu, anza na boksi moja jeupe na swali moja.