MTOTO ASIYEGEUKA AKIITWA



Mara nyingi mama anafika hospitalini na mtoto wa miaka mitatu mgongoni, naye haleti neno la homa. Anasema: "Mganga, huyu mtoto haniangalii. Namwita, anabaki kimya. Kwetu wanasema ni mulozi." Na baba anasema kosa ni la mama. Tujifunze leo jambo hili, maana kuna watoto wanaofukuzwa nyumbani bure.

1. Ni hali gani?

Jina lake ni otizimu. Tanzania na Kenya wanasema usonji. Haiambukizi. Ubongo wa mtoto umekua kwa namna ingine tangu tumboni, kwa hiyo anaona, anasikia na anasema kwa namna yake. Mganga Leo Kanner aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo huko Marekani mwaka 1943. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika watu 127 alikuwa na hali hii. Basi hata mtaani kwenu anaweza kuwapo.

2. Ishara zake

– Ametimiza mwaka mmoja, lakini hageuki akiitwa jina.
– Ana miezi 18, lakini haonyeshi kitu kwa kidole.
– Maneno yanachelewa, ao alikuwa nayo yakapotea.
– Anazungusha kifuniko cha sufuria saa nzima, hataki kucheza na wenzake.
– Makelele yanamwumiza. Anaziba masikio na kulia.

Ishara moja peke yake haitoshi. Mtoto asiyesikia vizuri naye hajibu. Kwa hiyo masikio yapimwe kwanza.

3. Inatoka wapi?

Urithi wa jamaa una sehemu kubwa. Haitoki kwa ulozi, wala laana, wala malezi mabaya ya mama. Haitoki kwa chanjo pia. Usiache chanjo, maana surua inaua.

4. Tufanye nini?

Hakuna dawa ya kuiondoa. Usiuze mbuzi wako kwa mfumu anayeahidi kumponyesha. Kumtia pilipili machoni, kumfunga kamba, kumnyima chakula siku nyingi: hayo ni mateso. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mulozi.

Lakini mtoto anaweza kujifunza, na ukianza mapema ni vizuri zaidi. Chuchumaa, uso wako uwe mbele ya uso wake. Sema maneno machache. Akitaka maji, shika kikombe, sema "maji", kisha ngoja kidogo. Akiangalia, ao akitoa sauti, mpe mara moja na kumsifu. Fuata utaratibu mmoja kila siku: kuoga, kula bugali, kulala. Kabla ya kuoga mwonyeshe sabuni, ajue kinachokuja.

5. Msibaki peke yenu

Mama akichoka sana, mtoto naye anaumia. Nyanya, shangazi na wakubwa wa mtoto wajifunze kazi hii, wapokezane. Mweleze mwalimu kabla ya masomo kuanza. Ulizeni kwenye kituo cha afya kama kuna wazazi wengine wenye mtoto kama huyo. Hata mama watatu wakikutana mara moja kwa mwezi, mzigo unapungua. Walio Bukavu wanaweza kuuliza kwa Heri Kwetu, kituo cha walemavu, ao kwa SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili.

Baba, jambo la mwisho ni lako. Ukimbeba mtoto huyu mbele ya jirani bila haya, midomo mingi itafungwa.

Maulizo
1. Kwa nini tunapima masikio kwanza?
2. Kwenu, nani anaweza kumpumzisha mama kesho?
3. Jirani akisema "mulozi", utamjibu nini?