NDAMA AMEKUFA KWA SABABU GANI? Somo juu ya Kupe na Ndigana Kali

Katika mtaa mmoja niliouzuru palikuwa na nyumba mbili zisizoamkiana. Asili ya ugomvi ilikuwa ndama watatu. Mzee wa nyumba ya kwanza alinieleza hivi: "Mchungaji, jirani yangu alipita zizini mwangu, akawatazama ndama, akasema, 'Wamenona.' Siku ya nne wa kwanza akaacha kunyonya, na majuma mawili hayakwisha wote walikuwa wamekufa. Kama si jicho lake, ni nini?"

Nikamwuliza, "Walikufaje?" Akasema, "Walivimba chini ya masikio, wakahema kwa shida, na povu likawatoka puani." Nikamwuliza tena, "Na miezi mitatu kabla ya hapo, ulileta mnyama gani nyumbani?" Akafikiri, akajibu, "Nilinunua ng'ombe mmoja mnadani. Lakini yeye ni mzima hata leo."

Basi, ili tupate kuona kwa nini nilimwuliza habari za miezi mitatu, na tujifunze kwanza maisha ya kupe.

1. Maisha ya kupe

Kupe tunayemsema ni wa rangi ya kahawia, naye hupenda kukaa sikioni mwa ng'ombe. Jina lake la kitaalamu ni Rhipicephalus appendiculatus. Jike akisha kushiba damu huanguka chini, hutaga mayai maelfu, kisha hufa. Katika mayai hayo hutoka kupe wadogo mno wenye miguu sita. Hupanda juu ya majani, humngoja mnyama apitaye, humshika, hunywa damu siku chache, kisha huanguka. Chini hujivua ngozi, nao hupata miguu minane. Hupanda mnyama wa pili, hunywa, huanguka, hujivua tena. Ndipo wawapo kupe wakubwa, nao hutafuta mnyama wa tatu. Kwa hiyo kupe mmoja aweza kunywa damu ya wanyama watatu, na baina ya mlo mmoja na mwingine majuma kadhaa hupita.

2. Jinsi ugonjwa upitavyo

Ndigana kali huletwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva. Kupe hazaliwi nacho, maana hakipiti katika yai. Hukipata anyonyapo ng'ombe mwenye nacho, na hukitoa baada ya kujivua ngozi na kumwuma ng'ombe mwingine. Hata hapo hakitoki mara moja. Kwa kawaida kupe hunywa siku tatu au nne kabla kijidudu hakijapevuka katika mate yake. Neno hili tulishike sana: amtoaye kupe mapema amempunguzia ndama hatari.

Kijidudu kikiisha kuingia, huzishika chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, kikazifanya ziongezeke pasipo kipimo. Tezi zilizo karibu na sikio huvimba, homa hupanda, kisha mapafu hujaa maji. Mnyama asipotibiwa, mara nyingi hufa majuma matatu au manne baada ya kuumwa.

Tena ng'ombe aliyepona aweza kuendelea kuwa na kijidudu mwilini, naye ni mnene na mzima machoni petu, huku akiwaambukiza kupe. Nyati naye hukibeba bila kuugua. Mbuzi na kondoo hawaugui ndigana kali, lakini kupe huyu hupanda juu yao pia.

Wala tusiwacheke waliokosea. Robert Koch, mganga mashuhuri wa Kijerumani, alikiona kijidudu hiki katika damu ya ng'ombe huko Dar es Salaam miaka ya 1897 na 1898, akadhani ni umbo changa la ugonjwa mwingine wa kupe uliojulikana Marekani. Miaka michache baadaye wataalamu wa Afrika ya Kusini, akiwamo Arnold Theiler, walionyesha kwamba ni ugonjwa wa peke yake.

3. Yatupasayo

Kwanza, tuchungulie masikio ya ndama kila siku, ndani na nje, na tuwatoe kupe.

Pili, tuwapeleke ng'ombe joshoni kwa siku zilizowekwa. Dawa ichanganywe kwa kipimo chake. Anayeizidisha maji ili apunguze gharama huwazoeza kupe dawa, hata mwishoni haiwaui.

Tatu, mnyama mgeni atengwe na kuogeshwa kabla ya kuingia zizini.

Nne, tuitambue homa mapema. Joto la ng'ombe mzima ni kama 38.5, likipita 39.5, na tezi chini ya sikio imevimba, aitwe mganga wa mifugo siku ile ile. Iko dawa iitwayo buparvakwoni, nayo hufaa sana ikitolewa mwanzoni. Povu likiisha kutoka puani, tumaini ni dogo.

Tano, iko chanjo. Mnyama hupewa vijidudu hai pamoja na dawa ya kuvizuia visimshinde, na mwili wake hujifunza kupigana. Hutolewa mara moja tu, kwa mkono wa mtaalamu.

Si kila ndama afaye ameuawa na ndigana. Kuna kuhara, minyoo, na njaa ya maziwa. Lakini kila kifo kina njia yake, nayo hutafutwa kwa kuhesabu siku nyuma. Jirani alipita siku nne tu kabla ya ndama kuugua; kupe walikuwa wameanza kazi yao zamani. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mzee yule alihesabu majuma kwa vidole vyake, akanyamaza. Jioni alimtuma mwanawe kwa jirani na kibuyu cha maziwa.

Maswali kwa wasomaji

1. Kwa nini kupe aliyetoka yaini hana ndigana kali?
2. Ng'ombe anayeonekana mzima aletaje ugonjwa zizini?
3. Ndama akiugua leo, tuyakumbuke mambo ya siku zipi?
4. Je, yuko mtu mtaani kwako anayesingiziwa kifo cha mnyama? Utamsaidiaje?